Mitambo Mizima, Biashara Imekwama: Kutafuta Kiini cha Matatizo ya TEHAMA katika Hoteli za Lamu

Mwongozo huu umeandikiwa mwenye hoteli, meneja, mhasibu na fundi wa nyumba ya wageni yenye vyumba kati ya 8 na 40, iwe Mkomani, Langoni au Shela. Mwenye maboti ya watalii, chama cha akiba na mikopo, au mfanyabiashara wa samaki mwenye majokofu pia atazitambua dalili nyingi. Mfano wetu ni hoteli ya vyumba 18. Tarakimu zake ni za kuonyesha njia ya hesabu. Weka zako mahali pake.

Msimamo wetu ni huu: tatizo la TEHAMA linalorudi kila baada ya kutengenezwa, mara nyingi halitokani na kifaa. Kuna shauri lililopaswa kukatwa na mtu fulani, na mtu huyo hakuwahi kutajwa. Kutawala TEHAMA ni kujua nani anaamua, kwa lengo lipi la biashara, kwa pesa kiasi gani, na nani atakuja kukagua. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 38500, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 2008, kinampa kiongozi kazi tatu kuu: kutathmini, kuelekeza na kufuatilia. Zote tatu zaweza kufanywa na mtu asiyejua kufunga ruta.

Kipimo cha kwanza kabla ya kununua chochote

Fungua daftari la matengenezo uangalie siku 90 zilizopita. Kama halipo, lianze leo: kila tukio mstari mmoja, yaani tarehe, saa, kilichotokea, kilichofanywa, aliyekifanya. Tatizo lililotokea mara moja, likatengenezwa na kutulia, ni la fundi, mwachie. Lililorudi mara tatu ni lako wewe mwenye hoteli.

Tuseme daftari linaonyesha ruta inazimwa na kuwashwa kila Ijumaa jioni. Ruta ni nzima. Laini ya intaneti yenye kasi ya Mbps 20 ilinunuliwa hoteli ikiwa na vyumba 6. Vyumba vikaongezwa hadi 18, ghorofa ya juu ikapata mgahawa, na hakuna aliyepewa kazi ya kusema kwamba vyumba vikiongezeka laini nayo iongezwe. Ukinunua ruta mpya hapa utakuwa umelipa kwa ajili ya ugonjwa usio wako.

"Chumba kimoja, wageni wawili"

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Saa tisa alasiri, boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda imeshusha familia ya watu wanne kwenye gati, hamali wametangulia na mabegi. Mpokea wageni anafungua daftari: chumba namba 7 kina jina la mtu mwingine, limeandikwa kwa penseli, na mtu huyo ameingia tangu asubuhi. Familia inaonyesha uthibitisho wa wakala wa mtandaoni, ni halali. Aliyemo chumbani alikubaliana na meneja kwa WhatsApp na kutuma arubuni kwa M-Pesa. Naye ni halali. Kila kitabu kinasema kweli.

Sababu itakayotajwa ni "sistimu mbovu". Sababu yenyewe ni kwamba hoteli ina vitabu vitatu vya vyumba na hakuna aliyesema kipi ni kitabu mama. Kuhakikisha, chagua tarehe moja wiki mbili mbele. Mwombe mpokea wageni, meneja na mwenye hoteli kila mmoja aandike, peke yake, vyumba vilivyochukuliwa usiku huo. Linganisha karatasi. Zikitofautiana hata kwa chumba kimoja, usiendelee kutafuta, kiini umekipata.

Ipo pia sababu ya kiufundi inayojificha nyuma ya hiyo. Hoteli nyingi huunganisha kalenda za mawakala kwa viungo vya iCal. Kwa njia hii wakala mmoja huja kusoma kalenda ya mwenzake kila baada ya muda, na pengo kati ya kusoma na kusoma laweza kuwa la saa kadhaa. Mwezi Mei pengo hilo halidhuru mtu. Wiki ya mwisho ya Desemba, chumba cha mwisho kinauzwa mara mbili ndani yake. Programu zinazowasiliana na mawakala moja kwa moja hupeleka badiliko pande zote kwa dakika chache, lakini zina ada ya kila mwezi. Swali la kuamua si kama programu ni nzuri. Piga hesabu ya mgongano mmoja: tofauti ya bei ya hoteli unayomhamishia mgeni, boti, chakula cha kumtuliza, na maoni mabaya yatakayosomwa na wageni wengine. Zidisha kwa migongano ya mwaka jana, kisha linganisha na ada ya miezi 12.

Tiba ifuate mpangilio huu, maana ukianza na programu utaongeza kitabu cha nne:

1. Mwenye hoteli aandike na kutia sahihi: kitabu mama ni hiki, na chumba kisichoandikwa humo hakijauzwa.
2. Kwa kila zamu awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuandika. Mwenye hoteli mwenyewe hauzi chumba bila kumpitia. Hapa ndipo watu hushindwa, kwa sababu mwenye hoteli huona ni nyumba yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.
3. WhatsApp iwe mlango wa maombi tu. Jibu la kwanza liwe moja kwa wote: "Ahsante, tumepokea ombi lako; tutakuthibitishia ndani ya dakika 30." Arubuni isipokelewe kabla ya uthibitisho.
4. Kama bado mnatumia iCal, zuieni chumba kimoja kisiuzwe kwa mawakala katika wiki zinazojaa. Ni ghali, lakini ni nafuu kuliko aibu ya gatini.
5. Baada ya siku 14 rudia kipimo cha karatasi tatu.

"Gharama za kompyuta zinapanda na hatuoni faida"

Waulize watu watatu hotelini lengo la biashara mwaka huu ni lipi. Ukipata majibu matatu, hakuna programu itakayolingana na lengo, maana lengo lenyewe halipo. Lengo linalofaa lina tarakimu na tarehe: "Kufikia 31 Desemba, wageni wanaopitia kwa mawakala washuke kutoka asilimia 70 hadi 60."

Sasa fanya hesabu. Vyumba 18 kwa siku 365 ni usiku 6,570 za kuuza. Ukijaza nusu, umeuza 3,285. Kwa shilingi 8,000 kila usiku mapato ni shilingi 26,280,000. Asilimia 70 ya hizo, yaani 18,396,000, imepitia kwa mawakala. Kwa kamisheni ya asilimia 15 umewaachia 2,759,400. Ukishusha fungu lao hadi asilimia 60, zinabaki kwako shilingi 394,200 kila mwaka.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo mizani. Fundi akileta pendekezo la tovuti yenye kuhifadhi chumba na kupokea malipo kwa shilingi 180,000, lina uhusiano wa wazi na lengo na laweza kujilipa ndani ya mwaka wa kwanza, hata likifikia nusu tu ya matarajio. Akileta pendekezo la seva ya shilingi 400,000 kwa sababu "ya sasa ni ya zamani", mrudishe kwa upole na swali moja: inagusa lengo lipi, na tutaionaje? Huenda ana jibu. Seva ikifa na kitabu cha vyumba, hasara ni kubwa, na kuzuia hasara nako ni faida. Lakini alitamke, liandikwe.

Upande wa matumizi, orodhesha kila unacholipia kwa safu tano: jina la huduma, bei kwa mwezi, kadi au laini inayolipa, tarehe ya kuisha, na mtu anayeihitaji. Safu ya tano ikibaki tupu, simamisha huduma hiyo mwezi ujao uone nani atalalamika. Katika mfano wetu intaneti ni 12,000 kwa mwezi, programu ya hoteli 9,000, fundi 10,000. Jumla ya mwaka ni 372,000. Gawa kwa usiku 3,285 zilizouzwa: TEHAMA inakula shilingi 113 kwa kila usiku wa chumba. Kipimo hiki ni bora kuliko jumla, kwa sababu jumla hupanda hata pale biashara inapokua vizuri. Kikipanda 113 kuwa 160 na vyumba ni vile vile, hapo kuna la kuulizwa.

Jambo dogo la kodi ambalo mafundi wa mtaani hawalipendi: tangu 1 Januari 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, hayakubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa yale yaliyosamehewa. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30, kazi ya shilingi 60,000 isiyo na ankara hiyo inagharimu 18,000 zaidi. Bei ya "bila risiti" ilinganishwe kwa namna hiyo.

"Fundi anasema iko sawa, meneja anasema imekufa"

"Fundi, mwezi huu mtandao ulikuwaje?"

"Sawa kabisa, mzee. Asilimia 99.5."

Fundi na meneja wote ni wakweli. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Nusu ya asilimia moja ni saa 3 na dakika 36. Zikiangukia usiku wa manane hakuna aliyejua. Zikiangukia Ijumaa kuanzia saa kumi jioni, wageni wanapoingia, wanapolipa na kutuma picha za machweo, mwezi mzima umeharibika.

Badilisha kinachopimwa. Ripoti ya fundi iwe ukurasa mmoja wenye mambo manne yanayoeleweka na mwenye nyumba: wageni wangapi walisubiri zaidi ya dakika 10 kuandikishwa, malipo mangapi yalikwama, Wi-Fi ilikatika kwa jumla ya muda gani kati ya saa kumi jioni na saa tano usiku, na malalamiko mangapi ya mtandao yaliandikwa na wageni. Asilimia ibaki kwenye daftari lake la kazi.

Mjini Lamu kuna chanzo cha ziada cha ugomvi huu: kuta. Nyumba za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz huishiwa nguvu kwenye ukuta wa kwanza. Idadi ya vituo vya Wi-Fi ikipangwa kwa hesabu ya vyumba kama vile jengo ni la matofali ya kisasa, fundi atapima karibu na ruta na kupata mtandao mzuri, na mgeni wa chumba cha nyuma hatapata kitu. Pima ukiwa juu ya kitanda cha kila chumba, mlango umefungwa. Pitisha kebo hadi kila ghorofa badala ya kutegemea vifaa vinavyopokea mawimbi na kuyarusha tena. Na kama nyumba imo ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, uliza ofisi ya uhifadhi kabla ya kutoboa ukuta au kusimamisha antena darini.

"M-Pesa hailingani na mauzo"

Anza na swali la umiliki: nambari ya tili imesajiliwa kwa jina la nani, na ujumbe wa malipo unaingia kwenye laini ya nani? Jibu likiwa ni la mtu badala ya biashara, rekebisha hilo kabla ya kumtuhumu yeyote.

Kisha tenganisha kazi. Anayepokea malipo asiwe ndiye anayelinganisha hesabu. Kila jioni mhasibu ashushe taarifa ya tili kutoka kwenye akaunti ya biashara, alinganishe na mauzo kwa kutumia msimbo wa muamala, ule wenye herufi na tarakimu 10, na atie alama kila mstari. Kulinganisha jumla na jumla hakutoshi: malipo mawili yaliyokosewa kwa pande tofauti huweza kufutana na jumla ikaonekana safi. Ujumbe unaoonyeshwa na mgeni kwenye simu yake usihesabiwe kuwa malipo mpaka uonekane upande wenu, maana ujumbe wa uongo huandikwa ukafanana na wa kweli.

Tofauti ikiwa ya tarehe moja tu, tafuta malipo ya baada ya saa sita usiku. Ikiwa ya kila siku na kiasi kinachokaribiana, tafuta arubuni zinazoingia kwenye simu ya mtu.

"Kijana wa kompyuta ameondoka, hatuwezi kuingia kwenye barua pepe"

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya siku hizi ni majina na nywila. Kagua vitu hivi leo, kabla ya ugomvi wowote: domeni (yaani jina la tovuti mtandaoni), barua pepe ya hoteli, akaunti za mawakala, kurasa za mitandao ya kijamii, akaunti ya matangazo, alama ya hoteli kwenye ramani ya Google, akaunti kuu ya ruta, na eTIMS. Kwa kila kimoja andika imesajiliwa kwa barua pepe gani na nambari gani ya simu ya kurejesha nywila. Nambari hiyo ya kurejesha ndiyo mwenye mali halisi. Jina la juu ni pambo.

Domeni za .ke husimamiwa na KeNIC kupitia wasajili. Tafuta kumbukumbu ya usajili uone mwenye domeni ni nani na inaisha lini. Kama ni fundi, mwombe aihamishie kwa jina la biashara mkiwa bado na uhusiano mwema, na lipieni wenyewe, miaka miwili kwa mpigo ikiwezekana. Domeni ikiisha muda, barua pepe zote zinakufa pamoja na tovuti, na mawakala hutuma nywila mpya kwenye anwani iliyokufa.

Anwani ziwe za kazi, kama mapokezi@ na hesabu@, wala zisiwe za Ali au Fatma. Mtu akiacha kazi, orodha ipitiwe siku hiyo hiyo na nywila zibadilishwe kabla hajapokea malipo yake ya mwisho. Hakuna dharau kwake katika hili. Humlinda naye pia asisingiziwe.

"Programu ipo, daftari la kaunta limerudi"

Mnunuzi hulaumu wafanyakazi kwa uvivu. Kaa mapokezi kwa saa moja, bila kusema neno, uhesabu. Kumwandikisha mgeni mmoja kunahitaji kubofya mara ngapi na dakika ngapi? Daftari huchukua dakika mbili. Programu ikichukua saba, na nyuma ya mgeni kuna wengine watano waliotoka kwenye boti moja, daftari litarudi hata umweke nani pale.

Toleo la ISO/IEC 38500 la 2008 na la 2015 liliweka tabia ya watu kuwa moja ya kanuni zake sita, na hoteli ndogo ndiko inakoonekana wazi kuliko popote. Sababu tulizozizoea ni nne: mpokea wageni hakuulizwa kabla ya kununua, mafunzo yalikuwa siku moja na zamu ya usiku haikuwepo, sehemu zisizohitajika hazikufichwa kwenye skrini, na hakuna tarehe iliyowekwa ya kufunga daftari. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Endesheni vyote viwili sambamba kwa siku 14, zamu zote. Kila jioni linganisha. Siku ya 15 daftari la kaunta lifungiwe kwenye sanduku la chuma, na mahali pake iwekwe karatasi moja ya dharura yenye mistari 20 kwa ajili ya umeme ukikatika. Kama siku ya 14 bado hesabu hazilingani, programu haijaiva; ahirisha, wala usione haya kuirudisha.

"Intaneti ikikatika, hoteli nzima inasimama"

Swali ambalo hakuna aliyeulizwa ni hili: tunaweza kukaa bila kila huduma kwa muda gani, na tukipoteza kumbukumbu, zisizidi za muda gani? Majibu hutofautiana, na ndiyo maana hayawezi kutoka kwa fundi peke yake. Kwa hoteli ya mfano wetu tungeanza hivi: malipo, dakika 30; kitabu cha vyumba, saa 2, na tusipoteze kumbukumbu za zaidi ya siku moja; Wi-Fi ya wageni, saa 4; hesabu, siku 2. Ukishaandika hayo, ununuzi unajipanga wenyewe, kwa sababu kila shilingi ina dakika inazozilinda.

Laini mbili ni jambo jema, lakini ziulize zinapita wapi. Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika pamoja na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Hoteli yenye faiba ya kampuni moja na 4G ya nyingine ingeweza kukwama kwa laini zote, kama kampuni zote mbili zilitegemea kebo hizo. Muulize kila mtoa huduma kwa maandishi: mkikatikiwa na kebo moja, mnatumia njia gani nyingine?

Betri ya UPS, kifaa kinachoshikilia mitambo umeme ukikatika, ya volti 12, Ah 7, ina nguvu ya Wh 84 kwenye karatasi. Hesabu nusu, yaani 42. Ruta, swichi na kisanduku cha faiba hula kama wati 30, na UPS yenyewe wati 10. Utapata karibu saa moja. Ukichomeka na kompyuta ya mezani ya wati 120, utapata dakika 15 tu. Kwa hiyo mtandao uwe na UPS yake peke yake, na mapokezi watumie kompyuta ya mapajani. Joto nalo ni adui: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri za risasi karibu nusu. Usiiweke kwenye kabati chini ya ngazi lisilo na upepo. Hewa ya chumvi hula ncha za kebo. Vifaa vya nje vifungwe kwenye masanduku yasiyopitisha unyevu, na ncha zikaguliwe kila baada ya miezi mitatu.

Nakala za akiba zina kipimo kimoja tu, nacho ni kuzirejesha. Mara moja kila robo mwaka, rejesha kitabu cha vyumba kwenye kompyuta nyingine, saa mkononi. Ikichukua saa 5 na mlisema mnavumilia 2, ama ubadilishe njia ama ubadilishe ahadi.

"Picha za pasipoti zimo kwenye simu za wafanyakazi"

Hii haina maumivu mpaka siku simu inapoibwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na inamtaka anayekusanya data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imevuja na kuna hatari ya kweli kwa watu hao. Kanuni za usajili za 2021 huwasamehe wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10, lakini biashara za ukarimu zimo kwenye orodha ya wanaosajiliwa bila kujali ukubwa.

Nunua skana au simu moja ya hoteli inayobaki kaunta. Toa muda wa mwisho wa kufuta picha kwenye simu binafsi, na amua kwa maandishi nakala zikae muda gani na nani ana ufunguo.

"Kamati tunayo, maamuzi hatuna"

Angalia kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho. Kama zina maneno "ilijadiliwa" na "ilikubaliwa kufuatilia" bila jina na tarehe, kamati inazungumza tu. COBIT 2019, mwongozo wa utawala wa TEHAMA wa chama cha ISACA, una malengo 40 ya utawala na usimamizi. Hoteli ya vyumba 18 ikiyakumbatia yote itaishia kwenye makaratasi. Chukua sita: faida ya matumizi, hatari, bajeti, wauzaji, mabadiliko, na huduma kuendelea.

Watu watano wanatosha: mwenye hoteli, meneja, mhasibu, mkuu wa mapokezi, fundi. Dakika 45 kila mwezi. Wekeni mipaka ya pesa: hadi shilingi 5,000 fundi anunue na kuripoti, hadi 30,000 meneja aidhinishe, zaidi ya hapo mwenye hoteli na karatasi ya hesabu. Bila mipaka hiyo kila kebo ya shilingi 800 inasubiri mtu aliye Mombasa, na wakati huo huo mkataba wa miaka mitatu unatiwa sahihi na meneja peke yake.

"Kila badiliko linaharibika msimu wa wageni"

Fungua daftari la matengenezo tena, weka alama tarehe za mabadiliko makubwa. Yakikaa Julai, Agosti na Desemba, sababu ni kalenda ya bajeti: pesa hupatikana wageni wakiwepo, basi hutumika wageni wakiwepo. Biashara ya mwambao ina majira yake, na mitambo lazima iyafuate. Mei na Juni, kusi ikivuma, mvua zikinyesha na hoteli nyingi zikiwa zimefunga au kupunguza vyumba, ndiyo miezi ya kubadilisha programu, kuvuta kebo na kufundisha zamu. Tengeni pesa hizo tangu Januari, kwenye akaunti tofauti.

Kuanzia 1 Julai hadi 31 Agosti, na kuanzia 10 Desemba hadi 10 Januari, marufuku ya mabadiliko: hakuna programu mpya, hakuna kubadilisha nywila za mfumo mzima, hakuna kuhamisha ruta. Kinachoruhusiwa ni kutengeneza kilichovunjika na kuziba tundu la usalama lisiloweza kusubiri, kwa ruhusa ya meneja iliyoandikwa. Na kwa kuwa spea hushuka kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, kabla ya kila kipindi hakikisheni rafuni kuna ruta moja iliyokwisha pangwa na kujaribiwa, betri moja ya UPS, adapta mbili za umeme, kebo tano zilizofungwa ncha, na laini ya simu yenye data, imewashwa na kupimwa wiki hiyo hiyo.